Sura ya Tano: Maitu Arudi Nyumbani

Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake. Binti yangu wa pili, basi, ni mama yangu. Tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni nimemwita Maitu, ndiyo kusema mama yangu, na majirani zetu Wakamba hapa Ngoliba walikwisha kuzoea kunisikia. Alipokuwa na miaka mitatu nilimwambia, "Maitu, shika kikombe kwa mikono miwili." Alipokuwa na miaka 34 alishuka kwenye matatu ya kutoka Thika akiwa na begi moja, binti yake wa miaka minane, na bahasha ya kahawia ya hospitali. Nikamwambia, "Maitu, karibu nyumbani." Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa titini. Ilikuwa saratani.

Tulivyofika kwenye bahasha ile nimekwisha kueleza katika sura iliyotangulia: uvimbe mdogo kama punje ya mahindi, kliniki moja iliyompa antibaiotiki mara tatu, miezi minane iliyopotea hivi hivi. Sitarudia. Sura hii ni ya mambo ya nyumbani: kitanda, uji, maji, choo, wageni, pesa. Vijitabu tulivyopewa hospitalini vilieleza dawa vizuri, lakini aliyeviandika alidhani kila mgonjwa ana bomba jikoni na choo ndani ya nyumba. Na hakuna hata kimoja kilichomtaja mzazi.

Wazazi tuko wengi. Mwaka 2022, kwa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Wakenya 44,726 walipata saratani, na zaidi ya 7,000 kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya matiti, ambayo ndiyo inayoongoza nchini. Huku kwetu ugonjwa huu huwapata wanawake wakiwa na umri mdogo kuliko ilivyo Ulaya. Mwanamke mwenye umri mdogo mara nyingi bado ana mama, na mama huyo ana jiko, na jikoni ndiko mgonjwa anakorudi.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa upendo, tena kwa siku tisa mfululizo. Nilimtandikia kitanda katika chumba alicholala akiwa msichana. Nilimwamsha saa kumi na mbili na nusu, nikampelekea maji ya kuoga, nikamsimamia mpaka amalize uji. Simu yake ikilia niliipokea mimi. Wageni wakiuliza hali yake nilieleza mimi, na yeye ameketi pale pale. Siku ya tisa aliweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Mami, nimejilipia kodi ya nyumba Ruiru miaka kumi. Usiniambie saa ya kuoga."

Nilitoka nje nikaenda kuwapa kuku mahindi, ingawa walikuwa wamekwisha kula. Nililia kidogo. Nilihisi nimekosewa heshima, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa ni nani aliyemkosea mwenzake.

Nilikuwa najua kuuguza kwa namna mbili tu. Nimeuguza watoto wachanga: hao huwaulizi, unawashika pua unawanywesha dawa. Na nilimuuguza mama yangu mzazi, yule ambaye binti yangu amebeba jina lake. Alikufa kwa saratani ya koo, nyumbani, bila dawa ya maana ya maumivu. Mwishoni hakuweza kusema, kwa hiyo naye sikumwuliza. Nilimgeuza, nilimwosha, niliamua. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kumuuguza mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye kazi, mwenye mtoto, ambaye nilimnyonyesha mimi na sasa ana siri zake ambazo hazinihusu.

Baba ya watoto wangu alielewa kabla yangu. Yeye si mtu wa maneno. Tangu bahasha ile ifike sijamsikia akilitaja neno saratani. Jumamosi ile alitoa misumari na bisibisi, akafunga komeo kwa ndani kwenye mlango wa chumba cha Maitu. Niligombana naye. Nilimwambia, je, akizirai humo ndani? Akajibu, "Nitavunja mlango. Ni mimi niliyeutengeneza." Akarudi kwenye miembe yake. Usiku ule nilisikia komeo likisukumwa, na kwa mara ya kwanza tangu aje, binti yangu alilala mpaka saa mbili asubuhi.

Kuanzia hapo tukaanza upya, na tukaanza na kalenda. Aliichukua ile tuliyopewa na duka la mbegu, akaigeuza nyuma kwenye karatasi nyeupe, akachora siku 21. Kemo, dawa yake ya saratani, huja kila baada ya siku 21, na alitaka tujue sote kila siku ina sura gani. Siku ya kwanza ni safari. Siku ya pili hadi ya tano ni kichefuchefu na uchovu wa kutoinua hata kikombe. Siku ya saba hadi ya kumi na nne alizipaka rangi nyekundu, kwa kuwa ndipo askari weupe wa damu wanapokuwa wachache zaidi na hata mafua ya mtoto yanaweza kuwa hatari. Wiki ya mwisho aliiacha nyeupe. Hiyo ndiyo wiki yake ya kuishi: hukagua madaftari ya shule ya bintiye, huenda na baba yake mpaka mtoni, hunikosoa ninavyopanga vyombo.

Kalenda ile iliokoa maisha yake, na sisemi hivyo kwa kupamba. Siku ya kumi ya kemo ya pili, saa nane usiku, aligonga dirisha letu. Alikuwa anatetemeka. Kipimajoto kilisoma 38.4. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye Panadol, kama unavyokwenda mkono wa kila mama. Alinizuia. "Mami, homa ikizidi 38 ni kwenda hospitali. Panadol itaificha." Alikuwa amesikiliza vizuri kuliko mimi. Kijana wa jirani aliamshwa, Probox ikawashwa, tukaipita Kilimambogo gizani kuelekea Thika. Alilazwa siku nne akipewa antibaiotiki kwa mshipa. Kama kuna ukurasa mmoja wa kitabu hiki unaostahili kuchanwa na kubandikwa ukutani, ni huu: mtu aliye kwenye kemo akipata homa inayozidi nyuzi 38, usingoje kukuche, wala usimpe kidonge cha kushusha homa kabla ya kuongea na hospitali.

Sasa jikoni. Githeri, chakula kilichowalea watoto wangu wote, kilitushinda mwezi wa kwanza. Vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na kemo havivumilii mahindi magumu. Mukimo laini ulipita, viazi vitamu vilivyopondwa vilipita, mayai yaliyoiva vizuri yalipita. Uji wa wimbi ulipita ukiwa vuguvugu, si moto. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilimtapisha, kwa hiyo nilihamishia jiko la makaa nyuma ya nyumba kwa siku tano za kwanza za kila kemo. Alilalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma. Muuguzi akatushauri tuache vijiko vya chuma, tukanunua vya plastiki, na ikasaidia. Kusukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi kila baada ya mlo kulisaidia zaidi. Matunda tunayamenya. Mboga mbichi hatumpi. Papai, ambalo hapa linakubali hata mvua ikikataa, lilimsaidia choo.

Shangazi zake walileta dawa zao: majani ya mstafeli, mwarobaini, unga wa mizizi kutoka kwa mtu fulani ambaye eti amewaponya wengi. Mimi moyoni nilitaka anywe vyote. Yeye alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavipanga kwenye rafu, halafu akavibeba mpaka kwa daktari wake kuuliza. Daktari alisema hakuna ushahidi kwamba mstafeli unaponya saratani ya binadamu, na kwamba ini linaloshughulikia kemo halifai kuongezewa mzigo lisioujua. Vitu hivyo bado viko kwenye rafu. Shangazi wakija huviona na kufurahi, nasi hatuwaambii uongo wala ukweli wote.

Choo ni jambo ambalo watu huona haya kuliandika. Kwa saa 48 baada ya kemo, mkojo, kinyesi na matapishi bado yana mabaki ya dawa. Aliye na choo cha maji huambiwa afunike na avute maji mara mbili. Sisi tuna cha shimo, hatua 40 kutoka mlangoni. Tulitenga choo hicho kwa ajili yake siku mbili hizo, tukakifunika kwa kifuniko cha mbao, na mjukuu akawa anatumia cha jirani. Shuka zikichafuka, anayezifua huvaa glavu, nazo hufuliwa kando na nguo nyingine. Baba yao alipanga mawe kwenye njia na kusimamisha nguzo na fito za kushikilia, mpaka kule mwisho. Hakuna aliyemwomba.

Na yote hayo ni maji. Ngoliba iko kati ya mito miwili, Thika na Athi, na mgeni akitazama ramani atadhani tunaoga katika neema. Maji ya mtoni hayafai kunywewa na mtu asiye na kinga, na kati ya Januari na Machi mapipa ya mvua huwa makavu hata ukigonga yanalia. Nyumba yetu ilikuwa inatumia mitungi minne ya lita 20 kwa siku. Wiki ya kemo tunatumia minane, hata tisa: kufua, kuosha mikono kila saa, kuchemsha ya kunywa, kuoga mara mbili. Mitungi hiyo hubebwa na mtu, au na punda wa kulipiwa.

Pesa sitaziongelea sana, maana zina sura yake mbele. Ila kuna jambo moja linalofaa lisemwe hapa. Bima mpya ya afya, SHA, ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, nilidhani nitamwandikisha Maitu chini yetu. Haiwezekani. Kwa sheria, mtoto akishakuwa mtu mzima na si mwanafunzi tena, yeye ni nyumba yake mwenyewe. Aliyepoteza mshahara hukadiriwa upya; kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na bima ilipozinduliwa wasio na ajira walitakiwa walipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Matibabu ya saratani yalipangiwa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa kila nyumba, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Niliudhika na sheria hiyo. Halafu nikaona kwamba hata serikali ilikuwa imejua kabla yangu kwamba huyu ni mtu mzima. Tuliuza mbuzi mmoja, tukamlipia kama yeye, kwa nambari yake ya kitambulisho.

Harambee ilituvuruga zaidi. Mjomba mmoja, kwa nia njema kabisa, alifungua kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia moja na kuweka picha ya Maitu aliyopigwa kitandani, kichwa kikiwa hakina unywele. Picha ilimfikia hata aliyekuwa msimamizi wake kazini. Hakumwambia mjomba neno. Alijifungia, komeo likalia, na hakutoka mpaka jioni. Wapo watakaosema mwenye shida hachagui. Mimi nakataa. Mwaka 2015 mwandishi Jackson Biko alisimulia habari za kijana wa chuo kikuu aliyejulikana kama Jadudi, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Alikaa naye kwanza, akamsikiliza, akaandika juu ya kijana mwenye fikra na ndoto zake. Walitafuta shilingi milioni 1. Wakenya wakatoa zaidi ya milioni 6 kwa siku chache. Watu hawahitaji kuonyeshwa aibu ya mgonjwa ndipo watoe. Tuliiondoa ile picha. Maitu alichagua nyingine, ya siku alipohitimu, akaandika maneno yake mwenyewe chini yake, na michango ikaendelea.

Wageni nao. Jumuiya yetu ya kanisa walikuja wakasali saa mbili, kwa sauti, siku ya tatu ya kemo. Nisingethubutu kuwakatiza. Safari iliyofuata yeye mwenyewe aliwapokea, akawaambia, "Nashukuru sana. Nina nguvu za nusu saa." Walisali nusu saa. Waswahili wa pwani husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulianza kulitoa jembe siku ya kwanza: aliyekuja kutuona aliombwa apalilie mstari mmoja wa maharagwe, au amsaidie mtoto hesabu. Nimeona watu waliokuwa hawajui wakae wapi wala waseme nini wakipumua kwa shukrani kwa kupewa kazi.

Nimeacha jambo gumu mpaka sasa kwa sababu hata nyumbani niliacha hivyo hivyo. Kila Maitu alipoanza kusema, "Mami, ikiwa dawa hazitafanya kazi," nilimkatiza. "Shindwe! Hutakufa." Nilidhani nalinda imani yake. Kumbe nilikuwa nalinda yangu, na yeye alibaki peke yake na swali lake.

Nilikuwa nimeona kwenye televisheni yaliyompata mama mwingine. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alifariki tarehe 26 Julai 2019 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 41. Mwezi ule ulikuwa mzito: Bob Collymore wa Safaricom alikuwa ametangulia tarehe 1, na siku tatu baada ya Okoth akafuata gavana wa Bomet, Joyce Laboso. Okoth alikuwa amewatangazia watu ugonjwa wake yeye mwenyewe. Alikuwa pia ametaka mwili wake uchomwe. Baadhi ya jamaa walitaka azikwe, mvutano ukaanikwa nchi nzima, na tarehe 3 Agosti akachomwa Kariokor kama alivyotaka. Siku zile nilikuwa upande wa waliotaka kaburi. Nilisema, mama aliyemlea mtoto Kibra kwa jasho lake atakosaje mahali pa kuweka maua? Leo bado namwonea huruma mama yule. Lakini najua kwamba neno la mwisho kuhusu mwili ule halikuwa langu wala la jamaa.

Kwetu jambo hilo lilizungumzwa juu ya ungo wa njahi. Njahi ni chakula tunachompikia mwanamke aliyejifungua. Nilimpikia Maitu alipozaa. Tulikuwa tunaambua maganda baada ya chakula cha jioni, mtoto amelala, na macho yetu sote wawili yako kwenye ungo. Alianza tena: "Mami, ikiwa." Safari hii niliendelea kuambua. Akasema anataka mtoto alelewe na dada yake mkubwa wala si na mimi, kwa kuwa mimi nimechoka. Akasema nambari ya akiba yake ya SACCO iko wapi. Akasema nyimbo asizozitaka. Ilichukua kama robo saa. Kisha akauliza kama chumvi imebaki ya kesho. Usiku ule sikulala, lakini yeye alilala.

Mtoto naye aliniuliza, tukiwa kwenye kuku: "Shosho, mama atakufa?" Nilimwambia ukweli wa siku hiyo: mama ni mgonjwa sana, madaktari wanampa dawa kali ili apone, na wewe hukumletea ugonjwa huu kwa kumkasirisha. Hilo la mwisho sikuwa nimeulizwa. Nilipolisema alinishika sketi akalia kwa muda mrefu.

Muuguzi wa tiba shufaa huko Thika ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mimi ninalalaje. Wengi hudhani huduma hiyo ni ya kungojea kifo. Nairobi Hospice imekuwapo tangu 1990, na bado watu huogopa hata jina lake, wakati kazi ya huduma hii ni maumivu, usingizi, hofu na jamaa, hata kwa mtu ambaye bado anatibiwa ili apone. Nimwulize nani mambo haya, kama si muuguzi huyo? Alinipa ruhusa ambayo sikujua naihitaji: kurudi kwenye chama changu kila mwezi, niketi na wanawake wenzangu saa mbili nikizungumza bei ya mayai.

Mama wa boma la pili kutoka kwetu, Mkamba, mjane, hajawahi kuingia chumbani kwa Maitu. Hajui aina ya saratani wala hajauliza. Ila Jumanne ya kwanza baada ya kila kemo, kabla jua halijachomoza juu ya nyanda, tunakuta mitungi miwili ya maji langoni, imejaa, imefunikwa. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na mama yule ana miaka inayokaribia 70.

Basi wewe unayesoma, ukipanga kumtembelea mgonjwa wa huku kwetu mwezi wa Februari, soda iache dukani. Piga simu, mwulize mwenyewe siku gani ana nguvu, kisha uje na maji.